Michoro ya Tessa

Kazi yangu ni kumwandikia Wendell Pruitt kadi. Watu wa New York humwona usiku kwenye televisheni wakadhani anachekesha saa ile ile. Kumbe tunarekodi saa kumi na moja jioni, naye anasoma kadi kubwa nyeupe ninazomwinulia kando ya kamera.

Wiki mbili sasa, vichekesho tulivyoweka akiba ya kesho vilikuwa vikitutangulia. Mpinzani wetu wa stesheni ya pili anarekodi saa moja kabla yetu, na ikifika zamu yetu keshavisema.

"Humu mna panya," Gayle, bosi wa kipindi, alituambia Jumatano. "Nikimnasa, mji huu hapati kazi ya televisheni hata ya kufagia."

"Labda panya jike," akatania Doyle, mwandishi wa vichekesho, akinikata jicho. "Mwenye mwandiko mzuri."

Wakacheka. Sikuwa nimeiba kitu, lakini bima ya matibabu ya binti yangu Tessa imo ndani ya kazi hii, na Tessa ana pumu.

Jioni, baada ya kurekodi, nilimfuata shule ya chekechea. Ukutani palibandikwa michoro yake: paka, jua, mama mwenye miguu mirefu. Nikafunua ncha ya paka. Nyuma, mwandiko wangu.

Neno likibadilishwa, naandika kadi upya. Ile iliyoharibika sheria inasema niichane. Mimi humpelekea mtoto achore nyuma yake.

"Mama Tessa, binti yako fundi!" alisema mama mmoja nyuma yangu. "Kila asubuhi namwambia mwalimu, hebu ibandue niipige picha."

Kifuani mwa koti lake palishonwa jina la kipindi cha mpinzani wetu.

Asubuhi niligonga kwa Gayle na michoro yote niliyoibandua kwapani. Nikamweleza, ulimi mzito. Aligeuza kadi moja moja. Kisha akanisogezea kadi mpya na kalamu.

"Andika kichekesho cha uongo, kitakachomwaibisha yule mpinzani wetu. Mtoto achore juu yake kama kawaida."

Nikamrudishia kalamu. "Nifukuze mimi, Gayle. Mwanangu usimfanye chambo."

Akaichukua tena ile kadi mpya.

"Basi zichane. Hapa, mbele yangu. Na mazoezi ni saa nane, usichelewe."

Nikaanza na paka. Mama mwenye miguu mirefu nilimwacha wa mwisho.