Muzungu Akikimbia

Kocha Edmond alikuwa Mubelgiji wa miguu mirefu. Kazi ya football aliisha kuifanya mu inchi nyingi za Afrika, na kila inchi ilimurudisha ku avion. Fasi ingine ni sababu ya ministre, fasi ingine ni sababu ya mudomo yake mwenyewe. Butembo njo ilikuwa ya mwisho. Hapa napo bakimufukuza, kwao Liège beau-père yake, baba ya bibi yake, mutu wa kuuzisha nyama, aliisha kumutengenezea tablier ya kuvaa wakati ya kukata nyama. Edmond hakutaka hata kuiona ile tablier.

Sasa Papa Maliro, muchuuzi wa kahawa, mwenye timu, akamuita.

"Papa Edmond, siku ya dimanche tunacheza na batu ya Beni, ku terrain yao ya Bungulu. Bale batu balinicheka mu mariage ya mutoto yangu. Ukibashinda, unabakia. Ukishindwa, Asumani anakupeleka ku avion na valise yako."

"Na tukitoka sawa, match nul?"

"Match nul ni kushindwa yenye imevaa cravate."

Donc dimanche bakapanda camion ya Asumani, valise ndani. Asumani alikuwa chauffeur, Muislamu wa Beni, na barabara ilikuwa ya vita kweli: hapa barrière, pale barrière, kila kikundi na kamba yake. Asumani akamuangalia muzungu.

"Papa, ku Butembo unakimbiaka pembeni ya terrain sawa mbuzi yenye imekata kamba. Batu bamezoea. Beni usikimbie."

"Juu ya nini?"

"Bazungu ya misaada biko na radio. Vita ikikaribia, beye njo banajua wa kwanza. Muzungu akitembea, batu banapika. Muzungu akikimbia, mutu anabeba sufuria na bugali ndani."

Edmond akacheka, mais akaahidi.

Akakaa ku terrain juu ya kreti ya bière, miguu ameifunga na kamba ku kreti. Kule mbele commandant wa basirikali ya Beni alikaa mu kiti kikubwa, bunduki ku magoti, viatu vinang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Golikipa wa Beni, Phinées, munene sawa mulango ya kanisa, alikuwa anashika kila kitu. Zero-zero. Pale ku camion Asumani aliisha kupanguza vumbi ku valise.

Match ilikuwa inaisha wakati Kambere, mukimbiaji wa pembeni wa Butembo, alichomoka na balo peke yake. Edmond akaona tablier. Akasahau ahadi. Kamba ikakatika, kofia ikaenda, veste ikaenda, na yeye akaenda, mbio, sambamba na Kambere.

Mama mumoja wa kuuzisha karanga akamuona.

"Ee Nyamuhanga, Mungu wetu! Muzungu anakimbia!"

Terrain yote ikanyanyuka. Phinées akaruka ukuta, na mutu wa kilo zile hapana kuruka ukuta siku ya kawaida. Arbitre akaingia chini ya camion na filimbi mu kinywa: kila akipumua, inalia. Batu ya Butembo peke yao balisimama tu. "Bale banakimbia nini?" Kambere akaingiza balo pole pole, sawa mutu anarudisha sahani kwa jirani.

Batu bakarudi, na kelele ikaanza.

"Goal hapana! Mimi sikukuwa mu goal!" Phinées analia. "Nilikuwa nakimbia vita!"

"Vita gani?" batu ya Butembo bakauliza.

Edmond alisimama bila kofia, anaangalia valise. Arbitre, mafuta ya camion ku kichwa, akangojea commandant aseme. Commandant akatokea mu migomba na kiatu kimoja.

"Nani amekimbia hapa?"

Batu bakaanza kupanguza vumbi ku manguo.

"Mimi niliangalia match mpaka mwisho. Kwenye niko, hapana mutu wa kukimbia. Golikipa, ulikimbia?"

Phinées akaangalia ile muguu bila kiatu, akaangalia bunduki.

"Hapana, afande. Nilikuwa mu goal."

"Na wewe, arbitre?"

"Niliona yote, mon commandant. Kwa karibu."

"Donc goal ni goal."

Kambere akaleta kiatu kimoja chenye kung'aa, akakiweka chini pole. Hakuna mutu aliuliza ni ya nani.

Ku kurudi, Asumani akasukuma valise nyuma kabisa, chini ya ndizi.

"Dimanche ingine tunacheza wapi?" Edmond akauliza.

"Kamango, papa. Karibu ya frontière, ku mupaka. Pale keti chini kabisa. Ukikimbia, ile match itaishia Uganda."