Kipande cha Mkeka Chini ya Kiti

Mimi ni fundi msafi, na sioni haya kulisema. Hapa mtaani kwetu Andravoahangy gereji zimebanana, na ukipita ovyo utakanyaga oili uteleze mpaka kwa jirani. Kwangu hatelezi mtu. Sakafu yangu ni ya saruji, naisugua kila Jumatatu asubuhi kwa sabuni ya unga, na atakayeidondoshea tone la oili atasikia maneno ambayo padri hapaswi kuyasikia. Mke wangu Perline husema kama ningempenda nusu ya ninavyoipenda sakafu hiyo, angekuwa malkia.

Basi usafi huohuo ndio ulionitia matatani.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa nane, baridi inakata masikio. Huo ndio msimu wetu wa neema sisi mafundi, maana kila ukoo unarudi kijijini kuwageuza wafu wake: kaburi linafunguliwa, wazee wanatolewa, wanachezeshwa mabegani kwa tarumbeta, wanavishwa sanda mpya na kurudishwa kulala. Magari yanarudi mjini yakiwa na vumbi jekundu mpaka kwenye plagi, na mimi ninasubiri.

Wa kwanza siku hiyo alikuwa Mamitiana, mwalimu wa hesabu, kijana mpole, na ile Reno 4 aliyoachiwa na marehemu baba yake. Gari lenyewe limenizidi umri.

"Fundi Dezy, sevisi ya kawaida tu," akaniambia. "Oili, filta, plagi. Tumerudi jana kutoka Arivonimamo, tulikuwa tunamgeuza baba."

"Mzee ameamkaje?" nikamtania.

"Amecheza kutushinda sisi sote."

Akacheka, akaniachia ufunguo, akakimbilia shule.

Nikamwaga oili chakavu kwenye karai, tone moja halikuanguka. Nikafungua filta. Sasa nimesimama na filta mkononi, imejaa oili nyeusi, inataka kuchuruzika, karai limejaa pomoni, magazeti yameniishia, na sakafu bado ina unyevu wa sabuni. Nikachungulia ndani ya gari. Chini ya kiti cha abiria palikuwa na kipande cha mkeka, kikuukuu, ukubwa wa sahani, kingo zimenyofokanyofoka. Nikakivuta, nikakitandaza sakafuni, nikaiweka filta juu yake. Tena nikajisifu kwa akili niliyo nayo.

Hapo ndipo ninapotamani kujizaba kofi mpaka leo. Mimi si mgeni katika nchi hii ya vilima. Ninajua kwamba mfu akishatolewa kaburini hubebwa juu ya mkeka, na akirudishwa tu, wanawake wanaotaka mtoto wanaurukia mkeka ule, kila mmoja ananyofoa kipande chake, anakwenda kukiweka chini ya godoro. Perline alinyofoa cha kwake kabla hatujampata mzaliwa wetu wa kwanza. Nililala juu ya kipande hicho miezi kumi na moja, nikilalamika kwamba kinaniwasha. Leo gari limetoka kumgeuza mfu, chini ya kiti pana mkeka ulionyofolewa, na mimi nikaona mahali pa kuwekea filta!

Saa sita mchana akaingia Fanja, mke wa yule mwalimu. Hakusalimia.

"Gari la mwalimu liko wapi?"

"Lile pale, dada. Limekwisha, linanguruma kama paka aliyeshiba."

Akafungua mlango, akainama, akapeleka mkono chini ya kiti. Akahamia kiti cha pili. Halafu akanigeukia.

"Fundi, kulikuwa na kitu hapa."

Macho yangu yakanisaliti, yakaenda sakafuni. Filta ilikuwa imekaa palepale, na mkeka umekuwa mweusi tii.

Laiti angenipigia kelele. Aliketi juu ya tairi, taratibu.

"Miaka sita ya ndoa, Fundi," akasema. "Nimesubiri baba mkwe ageuzwe. Nimesukumana na mawifi zangu mpaka kiwiko kikachubuka, ndipo nikakipata hicho. Kaburi halifunguliwi tena mpaka ipite miaka saba. Nitakuwa na arobaini na mbili."

"Nitakiosha, dada yangu."

"Na nini? Sabuni ya unga? Unataka kumsugua baba mkwe wangu kama sakafu yako?"

Halafu, kwa upumbavu wangu, nikamuuliza kwa nini alikiacha garini.

"Nilikificha mawifi wasikione. Asubuhi mwalimu wako akaondoka na gari kabla sijaamka. Sasa kosa ni langu?"

"Si lako. Ni langu mimi." Maneno hayo yalinitoka kwa shida, maana katika miaka ishirini ya ufundi wateja ndio wanaoniomba radhi mimi. "Nani anaweza kutuambia kama bado kinafaa?"

"Mama mkwe peke yake. Na mimi siendi kumwambia kwamba mumewe amewekewa filta kichwani. Utamwambia wewe."

Nikabadilisha shati, nikafunga gereji mchana kweupe, katikati ya msimu. Fundi wa jirani akapaza sauti: "Dezy! Kafa nani?"

"Bado. Subiri kidogo."

Fanja aliendesha. Mimi nilikipakata kile kipande kwa mikono miwili, nimekifunga kwenye kitambaa cheupe, na njia nzima nilikuwa ninaunga hotuba. Kwetu huombi radhi kwa neno moja kama unayeagiza chai. Unaanza kwa kuomba usilaumiwe kwa kuthubutu kusema, unawataja wakubwa, unajishusha, unazunguka, ndipo unafika. Nilikuwa nimefika nusu ya kuzunguka gari liliposimama.

Mama Razay, mama mkwe wake, tulimkuta uani akichagua mchele. Ni mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na Fanja anamwogopa. Niliona jinsi alivyojinyoosha gauni kabla ya kubisha. Tukapewa vikombe vya maji ya moto yaliyochemshwa na ukoko wa wali. Sikunywa. Nilisimama.

"Mama, mimi ni mdogo, sistahili kufungua kinywa mbele yako. Kwa hiyo, kabla sijasema, naomba lawama ya kusema isinifuate, wala isiwafuate—"

"Kaa chini, Fundi. Hotuba baadaye. Umevunja nini?"

"Sijavunja, Mama. Nimechafua."

Nikafungua kitambaa. Nikamweleza yote, filta, karai, sakafu, bila kuzunguka. Fanja alikuwa anatazama ukuta.

"Na mimi nilikiacha garini, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Mama Razay aliweka ungo kando. Akakichukua kile kipande, akakigeuza huku na huku, vidole vikawa vyeusi. Akakipeleka puani. Nikajua anapima ukubwa wa kosa. Akakinusa tena, safari hii kwa muda mrefu, amefumba macho, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilitamani ardhi inimeze. Kumliza mjane!

Alipofumbua macho alikuwa analia kweli. Lakini alikuwa anacheka pia.

"Miaka thelathini na tano," akasema, "mtu huyu alikuwa habanduki kwenye gari lile. Anakuja mezani na mikono hivihivi. Namfokea, jamani, shuka zangu! Mito yangu! Haambiliki. Siku alipokufa nikamwosha mwenyewe, na zile kucha zikakataa kutakata." Akajifuta shavu, akajipaka oili. "Jumamosi tulipomtoa, ninyi mnacheza, mimi nikaweka uso wangu pale kwenye sanda. Nikamtafuta. Nikanusa udongo, Fanja. Udongo mtupu. Nikanyamaza, nisiwaharibie ngoma."

Akakinusa tena.

"Sasa ndiye huyu," akasema.

Ile hotuba yangu ikayeyuka yote. Nilijikuta nimeshika kikombe na maji yamekwisha, sijui nimeyanywa saa ngapi.

"Kwa hiyo bado kinafaa, mama?" Fanja akauliza.

"Kinafaa? Mwanangu, wenzako wamepata mkeka. Wewe umempata mwenyewe. Kakiweke leo hii."

"Shuka zitachafuka."

"Ziache zichafuke."

Akamkabidhi. Fanja akaanza kukifunga kwenye kitambaa, na kwa mara ya kwanza mchana ule niliuona uso wake umelegea. Mama Razay akarudi kwenye mchele wake. Akachagua punje mbili tatu, akaacha.

"Fanja."

"Abee, mama."

"Mimi si wa kuzaa tena." Alikuwa anaongea na ungo. "Lakini ungenipunguzia kidogo. Cha kuweka kwenye mto."

Fanja akaingia ndani, akatoka na mkasi. Akapiga magoti uani, akakikata kipande katikati, akampa nusu iliyolowa zaidi.