Kona ya Rusanka

Lori la kukwangua theluji lilipita asubuhi ile koleo lake likiwa limeinuliwa juu, kavu, halijagusa kitu. Nayden alikuwa mbele ya geti lake akipasua barafu kwa shoka. Alipoliona akatupa shoka pembeni, akaingia katikati ya barabara na kutanua mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. Lori likasimama kwa taabu. Boyko, dereva, akashusha kioo kidogo tu ili joto lisimtoroke.

"Mzee, utakuja kufa wewe."

"Koleo liko juu kwa nini?"

"Nikilishusha linakwaruza lami. Meya hataki lami ikwaruzwe."

"Na mchanga je? Huko nyuma umepakia nini, unga?"

"Mchanga ni wa njia ya hotelini. Wageni wa kuteleza kwenye theluji wanaingia leo."

"Boyko, usiku mvua imenyesha juu ya theluji. Kona ya chini imekuwa kioo. Wanawake watavuka pale kwenda makaburini, na unajua leo ni siku gani."

"Najua, mzee. Mungu ampumzishe." Boyko akavua kofia, akaivaa tena. "Ila mimi napeleka ninapotumwa."

Kioo kikapanda. Lori likashuka kijijini taratibu kama bibi harusi, likapita kona bila kudondosha hata punje, likaelekea hotelini.

Ilikuwa siku ya kutimiza mwaka tangu Rusanka, mke wa Nayden, afariki. Mwaka jana alitoka asubuhi kwenda kwenye gari la mkate linalosimama pale konani, akarudi amebebwa ndani ya blanketi. Aliyemgonga alikuwa mtu wa mjini, matairi yake ya kiangazi, tena kipara, simu iko sikioni. Mtu yule alisema ni barafu. Trafiki wakaandika barafu. Hakimu akasoma barafu. Na meya Kamen Drazhev alisimama makaburini na koti lake la manyoya, akasema kwa huzuni kubwa kwamba barafu imetunyang'anya mama mwema, kana kwamba barafu ni mhuni wa kijiji cha pili asiyejulikana jina wala baba yake.

Nayden hakusoma sana. Alitoka shuleni akaingia msituni kukata miti, na huko ndiko alikozeekea. Lakini hata yeye alijua barafu haina leseni wala haishiki usukani. Barafu ilikuwepo enzi za babu yake na itakuwepo. Kilichokosekana ni mchanga, na mchanga una mwenyewe, na huyo mwenyewe amepigiwa kura. Lori ni la mkwe wa meya. Hoteli ina hisa za nani, hata kuku wa kijijini wanajua. Tangu mazishi, Nayden alikuwa amekwenda manispaa mpaka mlinzi akawa anamwona kwa mbali na kugeuza uso. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: kona yenu imo kwenye mpango. Mpango! Mke wake naye alikuwa na mpango, wa kununua mkate.

Bado alikuwa anatukana peke yake pale getini alipokuja Stoyna, mdogo wake Rusanka, amekumbatia sufuria ya ngano iliyochemshwa ya kumwombea marehemu, sukari imetandazwa juu yake nyeupe kama paa la nyumba.

"Shemeji, bado hujavaa? Kasisi ameshapanda makaburini. Wenzangu hao wanakuja."

"Hamvuki pale konani."

"Ala! Tutaruka?"

"Piteni nyuma, kwa njia ya kijitoni."

"Kule theluji inafika kiunoni. Bibi Tsona na mkongojo wake tumburute kama gogo lako?"

"Basi subirini mchanga."

"Tukisubiri mchanga wa Drazhev, shemeji, tutavuka cheri zikiiva." Akacheka, kisha akamtazama usoni akaacha kucheka. "Ngano ya marehemu haiwezi kulala nyumbani. Unajua hivyo."

"Najua. Na mimi sitazika mwingine wa nyumba hii, Stoyna. Sitaki. Yule mmoja ametosha."

Stoyna akaweka sufuria juu ya nguzo ya geti, akamfunga shemeji yake kifungo cha koti kilichokuwa wazi. "Basi simama utuangalizie magari," alisema.

Kusimama ni rahisi kusema. Mzee anayepunga mkono barabarani ni mlevi au anauza viazi, hakuna anayempunguzia mwendo. Lakini kipo kitu kimoja ambacho kila dereva wa nchi ile anakitii kuliko kengele ya kanisa. Ukimulikwa na gari linalokuja mbele yako, mara mbili, upesi, maana yake trafiki wamejificha huko uendako. Mwizi anamulika, daktari anamulika, kasisi anamulika. Watu wasiosalimiana kijijini miaka nenda rudi wataokoana kwa trafiki bila kuulizana majina.

Nayden akaitoa Lada yake, gari kuukuu, bandani, akaipandisha mteremko gia ya kwanza hadi juu, akaiegesha pembeni ikitazama wanaoshuka. Wanaopanda hawakumtia hofu, mlima wenyewe unawashika shati. Kwenye kioo cha pembeni aliiona kona nyuma yake, inang'aa, na nguzo yenye tangazo jipya la kutimiza mwaka wa msiba lenye picha ya Rusanka, na kundi dogo la wanawake wa vitambaa vyeusi likikusanyika ukingoni.

Gari la kwanza likatokea, linashuka kama limetumwa na shetani. Nayden akamulika. Papo hapo pua ya gari ikainama. Dereva akavuta mkanda, akatupa simu mapajani, akapita polepole kabisa huku akiinua mkono wa shukrani. La pili hivyo hivyo. La tatu, la kijana mwenye muziki wa kutikisa vioo, likasimama kabisa ubavuni mwake.

"Wako wapi, mjomba?"

"Konani."

"Wengi?"

"Wamejaa."

"Mungu akupe uzima. Mimi tairi zangu hata uzi zinaonyesha, wangenichinja leo."

"Kwa nini hununui nyingine?"

"Ah, majira ya baridi yenyewe yanaisha, mjomba."

Akaondoka kwa mwendo wa konokono, na Nayden akabaki ameshika usukani, hasira zinamchemka. Walikuwa wanamshukuru! Wanamshukuru kwa kuwaokoa na faini. Kona ambayo ilimlaza mwanamke wa watu chini haikuwapunguza mwendo hata mmoja, lakini kofia ya askari ambaye hayupo iliwafanya wapite kama wanaingia kanisani. Na nani aliwafundisha hivyo? Ni wale wale wanaojificha vichakani siku ya jua na kubaki wakiota moto kwenye jiko la kituo siku ya barafu.

Kwenye kioo wanawake walianza kuvuka. Stoyna alitangulia na sufuria, nyuma yake Bibi Tsona ameshikwa kwapa huku na huku.

Ndipo gari jeusi la meya, jipu, likatokea juu.

Nayden akamulika. Jipu halikupunguza. Akamulika tena, akamulika mpaka kidole kikauma, akalalia honi. Jipu likampita vuuu, likamrushia tope la theluji kwenye kioo, na ndani yake Drazhev aliinua kidole kimoja kwenye usukani, kama mtu anayeitikia salamu.

Breki ilishikwa konani kabisa. Jipu likageuka ubavu, likageuka mgongo, likacheza duara barabarani kimya kimya bila kelele ya tairi, maana barafu haipigi kelele. Vitambaa vyeusi vikatawanyika. Likapanda ukingo, likavunja uzio wa mtu, likazama pua mtaroni.

Nayden hakukumbuka kufunga mlango wa Lada. Alishuka mteremko nusu kwa miguu, nusu kwa makalio. Aliona kitambaa cha Stoyna juu ya theluji, peke yake.

"Stoyna!"

"Huku." Alikuwa amekaa nyuma ya nguzo, miguu imenyooka, sufuria kifuani. "Ngano haijamwagika. Kiuno sijui. Waangalie wenzangu."

Wenzake walikuwa wazima. Bibi Tsona alikuwa kwenye rundo la theluji, anatukana matusi ambayo kasisi aliyasikia juu makaburini.

Drazhev akatoka kwa dirishani, kofia imemkalia sikioni. Akajipapasa, akajikuta mzima, akapandwa na hasira.

"Hii ni barabara gani? Nani anahusika na barabara hii?"

Wanawake wakatazamana.

"Si wewe, mheshimiwa?" Stoyna aliuliza kutoka kule chini.

Bibi Tsona akaangua kicheko mpaka akakohoa. Meya akawa mwekundu, akamgeukia Nayden.

"Wewe ndiye uliyenimulika! Umenipofusha macho!"

"Nimekumulika upunguze mwendo."

"Nilijua ni trafiki."

"Na kwa trafiki hukupunguza?"

"Trafiki wananijua mimi!" alisema Drazhev, na hakuona kabisa alichokisema.

Trafiki wenyewe wakaja, safari hii wa kweli. Mkubwa wao akampangusa meya theluji mabegani, akamwuliza kama ameumia popote. Kisha akamjia Nayden.

"Leseni. Kutumia taa kinyume cha sheria ni kosa, mzee."

"Afande, mwulize na yeye alikuwa na mwendo gani."

"Mheshimiwa ameteleza. Barafu, huoni?"

Nayden akamtolea leseni. "Andika," alisema. "Andika jina langu kwa herufi kubwa. Mwaka jana mlipoandika la mke wangu mliandika kwa penseli."

Gari la kuvuta lilifika juu ya mteremko likakataa kushuka. Dereva wake alisema yeye si kichaa, bila mchanga hatii tairi pale. Meya akapiga simu, maneno mawili tu, na kabla wanawake hawajamaliza kumkung'uta Bibi Tsona, lori la Boyko likarudi, likapanda hadi juu, likageuza. Koleo liko chini! Linakwaruza lami bila huruma, na nyuma mchanga unamwagika mnene, mwekundu, mzuri, kutoka juu ya mteremko hadi kwenye tairi la jipu. Hapo ukakoma. Jipu likavutwa, meya akapanda gari la trafiki, wakaenda zao. Mahali pa kuvukia palikuwa chini kidogo tu ya mtaro, bado panang'aa.

"Boyko, malizia," Nayden alisema.

"Nimeambiwa mpaka kwenye gari, mzee."

Nayden hakubishana. Alikwenda kwenye Lada akachukua beleshi, akaanza kukomba mchanga wa meya na kuutupa pale pa kuvukia. Stoyna akakinga aproni. Wengine wakakinga mitandio, ndoo ya maua, mikono mitupu.

"Mchanga huo ni wa manispaa!" Boyko alipiga kelele kutoka dirishani.

"Njoo uuchukue," Bibi Tsona alimjibu, ameinua mkongojo.

Boyko akapandisha kioo, akatazama upande mwingine.

Wakapata njia, nyembamba lakini inashika mguu. Wakavuka mmoja mmoja. Stoyna, anachechemea, akageuka.

"Shemeji, twende. Kasisi anakungoja."

"Tangulieni."

"Ni mke wako, Nayden. Nani atamwaga divai kaburini?"

"Mwaga wewe. Nani atasimama hapa mkirudi?"

Stoyna akainua sufuria yake. Akapanda na wenzake. Baada ya muda uimbaji wa kasisi ukashuka na upepo, jina la Rusanka likatajwa, na mume wake alikuwa barabarani, amewapa kisogo, beleshi mkononi, macho juu ya mteremko. Machozi yalimganda kwenye masharubu. Hakuyafuta.

Gari likaja linakimbia. Akaingia katikati, akainua beleshi juu ya kichwa. Likapunguza, likateleza kidogo, likasimama kwenye mchanga. Dereva akachungulia.

"Vipi, mzee? Kuna trafiki?"

"Kuna watu," Nayden alisema, na hakusogea mpaka aliposikia gia ikirudi ya kwanza.