Kunde Zilizouwahi Mtama

Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, alirudi nyumbani na mkono mmoja usiokunjika vizuri na mdomo usiojua likizo. Marehemu mama yao alikuwa amewaachia, yeye na dada yake, shamba la sehemu kame, ghala la majani makavu ya mifugo na ng'ombe mmoja. Dada mkubwa akatoa sharti mapema: "Kiangazi kikiingia majani hayajafika mstari wa mama, ng'ombe namuuza. Sitaki akonde kama wewe."

Mstari wenyewe ulikuwa wa mkaa, kwenye nguzo ya ghala; mama aliuchora kupimia majani ya kutosha kiangazi kizima.

Cheche akapanda mtama na kunde, kama mama. Ila mama alitanguliza mtama, akangoja umfike kwenye kifundo cha mguu, ndipo akatia kunde katikati ya mistari. Cheche alipanda vyote siku moja. Kunde zikauparamia mtama, zikaulaza chini; shamba likawa kama kitanda cha mlevi.

"Hii ni mieleka, si kilimo," dada akasema, mikono kiunoni.

"Cheka, dada. Ukimaliza unishauri."

"Mtama haujatoa hata suke. Mtama mchanga una sumu; ukimlisha ng'ombe ukiwa mbichi hivi, utamzika kabla sijamuuza."

Cheche akautazama mtama uliolala. Akakumbuka mwaka ule mvua ilipokata ghafla. Mama alifyeka vyote vikiwa kijani, akavitandaza kivulini hadi vikakauka kabisa. Hakuvigusa juani, majani ya kunde yasije yakapukutika. Alivibeba alfajiri, umande umevilainisha, ndani ya kanga yake kuukuu. Cheche na dada walifuata nyuma wakiokota yaliyodondoka na kugombania nani ameokota mengi.

"Ile kanga unayo?" Cheche akauliza.

Dada alikwenda ndani, akarudi nayo.

Wakafyeka, wakaanika, wakageuza siku baada ya siku. Asubuhi ya kubeba, harufu ile tamu ya majani makavu ikawarudisha utotoni.

"Umedondosha!"

"Okota wewe. Mdogo ndiye mwokotaji."

Mzigo wa mwisho ulipoingia, majani yalipungua shubiri moja kufika mstari. Dada aliugusa mkaa ule kwa kidole, taratibu, kama anayepapasa shavu la mtu.

"Mama alichora hapa tukiwa na ng'ombe wawili," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kaokote yale ya mlangoni. Angeyaona yeye, ungelala njaa."