Kuku Aliyekalia Kiti cha Dokta

Hapa Buzebazeba, mjini Kigoma, ni nyumba yangu peke yake iliyowahi kuwa na watu wawili ndani ya chuo kikuu kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mjukuu wangu, Wema. Wa pili ni kuku wangu mweusi, na huyo hakumaliza hata siku.

Siku hizi chuo hakiendwi, kinaingiwa. Wema alinieleza: programu ya kupigia takwimu ni ya bei mbaya, basi wameiweka kwenye kompyuta ya chuo huko Dar es Salaam, na wewe uliye mbali unaingia kwa mtandao, unaitumia ukiwa umekaa nyumbani na ugali wako wa muhogo. Ila viti ni vichache. Vikijaa, unabaki mlangoni.

"Viti gani tena, na hamkai?"

"Ni nafasi tu, Bibi. Zina idadi."

Nikaelewa. Kama harusini: mwenzako katandaza kanga kwenye kiti, kaenda zake kula pilau, na wewe umesimama na magoti yako mabovu.

Wema alikuwa amesimama tangu asubuhi. Sura ya nne ya utafiti wake ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa kumi jioni siku ileile. Isipofika, anarudia mwaka. Hesabu zilikuwa zimebaki kidogo tu, na kila akijaribu kuingia anaambiwa pamejaa. Akampigia Scola, binti anayesimamia mfumo huko chuoni.

"Siwezi kumtoa mtu anayefanya kazi, mdogo wangu," Scola akasema. "Asiyegusa kompyuta robo saa, mfumo unamtoa wenyewe. Lakini leo wote wanaandika. Mwalimu wako Dokta Gasper ndiyo usiseme, hajapumzika tangu alfajiri!"

Dokta Gasper huyo alikuwa mpangaji wangu. Alikuja Kigoma kuchunguza dagaa, Wema akaniomba nimpe chumba cha uani. Dagaa wenyewe aliwachunguza zaidi wakishakaangwa kwa mawese. Nao wakubwa wa chuo walikuwa wametoa agizo: mhadhiri aliye mbali anahesabiwa yuko kazini maadamu yumo kwenye mfumo na anaandika. Anaandika nini, agizo halikusema.

"Kamgongee mwalimu wako akupishe," nikamwambia Wema.

"Bibi! Yeye ndiye anayesahihisha kazi yangu. Akikasirika je?"

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, hakuna aliyebaki wa kunisahihisha. Nikaenda mwenyewe. Tena nilikuwa na shida yangu: kuku wangu mweusi sikuwa nimemwona tangu nilipofungua banda.

Nikapiga hodi. Ndani tak-tak, tak-tak, kazi inaendelea. Nikapiga tena. Tak-tak. Nikaita, "Dokta, baba!"

Nikajibiwa, "Koookoo."

Mwenye nyumba hakosi ufunguo wa akiba. Nikafungua. Dokta hayupo. Mezani kuku wangu kafungwa mguu kwa kamba ya kiatu, na juu ya vibonye vya kompyuta pamemwagwa mchele. Anadonoa, herufi zinatoka. Kioo kizima kimejaa maandishi yasiyosomeka. Nimesikiliza hotuba za wakubwa wengi viwanjani. Huyu angalau hakuficha kwamba anatafuta mchele.

Nikamfungua, nikamtia kwapani, nikaketi kitandani kwa Dokta. Kompyuta sikuigusa. Kutogusa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Nilianza kusinzia niliposikia kelele kutoka sebuleni: "Bibi! Nimeingia! Nimepata kiti!"

Hajamaliza kushangilia, simu yake ikalia. Akaja nayo mbio hadi mlangoni, akaniona mimi na kuku, akaduwaa. Simu ilikuwa kwenye sauti kubwa.

"Wema! Scola ananiambia nafasi yangu umepewa wewe! Unanitoaje kwenye mfumo na mimi niko hapa chumbani, nimeinamia kompyuta, naandika?"

Nikamnyang'anya Wema simu, nikamwonyesha kwa kidevu: rudi kwenye hesabu zako. Akakimbia.

"Dokta, baba, upo chumbani?"

"Nipo, Bibi! Mlango nimeukomea kwa ndani. Sijainuka tangu alfajiri, mgongo wenyewe unaniuma."

Nyuma yake nikasikia mawimbi ya ziwa yakipiga mchanga wa ufukwe wa Bangwe, na muuza samaki anauliza, "Mgebuka wa pili huyu hapa, Dokta. Tukuongezee ndimu?"

"Pole na mgongo," nikasema. "Basi sogea kidogo, baba, hapa kitandani kwako tumebanana. Nipo mimi, na msaidizi wako yupo."

Nikamwekea kuku simu mdomoni. Naye, kwa kuwa alikuwa amekatizwa mchele, akasema yote aliyokuwa nayo moyoni.

Upande wa pili ikaja sauti ndogo, ya mtu mwenye samaki mdomoni:

"Shikamoo, Bibi."