Betri Niliyoianika Kwenye Mabati

Redio yangu ya kwanza ilitumia betri nne, na hizo nne zilinifikisha miaka kumi na moja. Ukibisha, njoo Mutuini uulize, ingawa walioshuhudia wamehama wote, isipokuwa waliokufa. Siri yenyewe ni ndogo. Zikichoka nilizibana kwa meno mpaka zikabonyea, kisha nikazianika juani juu ya mabati kama mahindi. Jioni zilikuwa na nguvu hata msomaji wa taarifa alichoka kabla yazo. Kila nyumba ya rika langu ilifanya hivyo. Mimi nilifanya vizuri zaidi, basi.

Kwa hiyo Alhamisi ile asubuhi, mpangaji wangu Zedekiah aliponijia na tochi inayofifia kama macho ya mtu kanisani mahubiri yakipita saa mbili, sikushtuka. Zedekiah ni mlinzi wa fleti fulani kule Kileleshwa, na alikuwa ndio anatoka zamu ya usiku.

“Guka, stima imepotea ploti yote, na hii kitu iko chini kabisa,” alisema, maana wapangaji wangu wote huniita Guka, yaani babu. “Na leo saa kumi na moja ndiyo ile siku.”

Niliijua hiyo siku. Kamati ya wenye fleti ilikuwa inachagua mkuu wa walinzi. Kila anayeitaka kazi angeshuka na tochi yake kwenye maegesho ya chini ya jengo, ambako hata saa sita mchana ni giza, aonekane anavyokagua magari. Zedekiah alikuwa amelinda geti lile miaka sita. Akipata ukuu, angefanya kazi mchana na kulala kwake usiku, maana mkewe Philister alikuwa akimwona siku za mapumziko tu, kama jamaa wa mbali.

“Niachie tochi,” nikamwambia. “Nenda ulale.”

“Guka, hii si yale mawe ya redio. Hii ni lithiamu, ya kuchajiwa. Tungoje stima tu.”

“Zede, nimefufua betri kabla baba yako hajaota ndevu.”

“Lakini Guka…”

“Lala!”

Akaenda, akigeuka nyuma mara tatu.

Niliifungua tochi nikaitoa betri, moja tu, nene kama kidole gumba. Nikaiuma. Nusura jino langu la juu libaki pale. Nikachukua koleo nikaibana kiunoni. Ngozi yake ya plastiki ikachanika na bati likabonyea kidogo, nikafurahi, maana kwa betri za zamani hiyo ndiyo dalili ya kwamba dawa imeingia. Nikaipeleka kwenye paa la zizi, mahali jua linapopiga sawasawa. Mabati yale yalikuwa ya moto siku hiyo! Kuku mmoja aliruka juu yake akashuka akiwa nusu ameiva.

Mke wangu Hannah alikuwa zizini akimlisha ng'ombe.

“Baba Shiku, unaanika nini juu ya ng'ombe wangu?”

“Nguvu.”

“Nguvu ya nani, na wewe umeshindwa kupanda ngazi?”

Nikaketi uani na koleo langu. Mtaalamu hajibizani na watazamaji.

Haikupita nusu saa nikasikia mluzi, ule wa sufuria ya presha ikikasirika. Nikatazama juu. Betri ilikuwa inatema moshi mweupe upande mmoja, na harufu kama ya dawa ya kutolea rangi ya kucha ikajaa uani. Ikaanza kujizungusha, ikashuka na mabati, ta-ta-ta-ta, ikaanguka chini, hatua moja kutoka kwenye majani makavu ya ng'ombe. Ikatoa ulimi wa moto.

Mimi, niliyewahi kumfukuza chui kutoka Mutuini hadi Karen kwa ndala moja, nilisimama pale na koleo mkononi.

Zedekiah alitokea na fulana na kaptura, macho mekundu, sepetu mkononi.

“Rudini nyuma! Mama Shiku, toa ng'ombe upande ule! Guka, usivute huo moshi!”

Akaizoa betri na sepetu, mkono ameunyoosha na uso ameugeuza, akaipeleka mbio kwenye rundo la mchanga wa nyumba ninazojenga. Akaifukia. Kisha akaturudisha mbali sote, tukangoja. Mchanga ukaendelea kufuka kwa muda mrefu, na kila niliposema “imekwisha,” ukafuka tena.

“Usiifukue,” alisema. “Hizi hulala zikaamka.”

Halafu akaikumbuka tochi. Ilikuwa mezani, wazi na tupu. Akaishika bila kunitukana, na afadhali angenitukana.

“Itabidi niende hivyo hivyo,” alisema.

“Haendi mtu hivyo hivyo,” Hannah akasema, kidole amekielekeza kwenye paji la uso wangu. “Wewe Zede oga, piga yunifomu pasi ya makaa, uende. Na huyu hapa anaenda tao sasa hivi kutafuta betri. Atakukuta huko getini.”

Saa saba nilikuwa katikati ya jiji, mbele ya kibanda chenye upana wa mlango mmoja. Mwenyewe anaitwa Kasiva, mama mfupi mwenye miwani kifuani na mingine kichwani. Aliitazama tochi ndani, kisha akanitazama mimi.

“Ile ya kwanza iko wapi?”

“Nimeizika.”

“Uliifanyia nini, mzee wangu?”

Nikamwambia kwamba radi iliipiga. Akavaa miwani ya kichwani.

“Uliibana?”

“Kidogo.”

“Ukaianika?”

“Kidogo.”

“Wewe ni wa tatu mwezi huu, na wote mna mvi.” Hakucheka. “Hizi zimeviringishwa ndani tabaka kwa tabaka kama chapati. Ukiibonyeza, tabaka zinagusana, inawaka. Ukiianika, ni hivyo hivyo. Hata ngozi ikichanika tu, mtu anaacha kuitumia.”

Pembeni niliona nyingine ya bei nafuu, imeandikwa kipimo cha nguvu elfu tisa mia tisa kwa herufi za dhahabu. Nikaomba hiyo.

“Hiyo ni uongo mtupu. Hakuna ya umbo hili inayofika hata elfu tano. Niliiweka hapo nionyeshe watu.”

Niliitazama tena, na kweli, nikaitambua. Mimi uongo naujua, tumelala kitanda kimoja miaka mingi. Nikachukua ile aliyonipa, ya namba ndogo.

“Sasa niwekee chaja kali ijae upesi,” nikasema. “Saa kumi na moja kuna mtu anangoja.”

“Chaja yake ni hii. Saa mbili na nusu.”

“Mama Kasiva, tafadhali. Kazi ya mtu inapotea!”

“Ikilipuka tena atapata kazi gani? Kaa hapo uiangalie. Ikipata joto la kukuchoma kidole, niite. Taa ikiwa kijani, tunatoa.”

Nikakaa juu ya kreti. Niliitazama taa ile nyekundu kuliko nilivyomtazama Hannah enzi za uchumba. Ilipobadilika, saa kumi ilikuwa imepita. Kasiva akaitia kwenye kikasha cha plastiki kabla ya kunipa.

“Usiitie mfukoni peke yake pamoja na funguo na sarafu. Vyuma vikiigusa ncha zote mbili, utacheza densi.”

Mfuko wangu ulikuwa na funguo nane. Kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nikafanya nilichoambiwa.

Mwendesha boda alinifikisha Kileleshwa kwa mwendo uliofanya kofia yangu ifike baada yangu. Kule chini kwenye maegesho, walinzi wawili walikuwa wamekwisha kukagua magari. Zedekiah alisimama ameninginiza tochi isiyowaka. Mwenyekiti wa kamati, Madam Jacklyne, alikuwa na karatasi mkononi.

“Zedekiah, nakuuliza tena. Miaka sita hapa, halafu leo unakuja na tochi haina betri?”

Zedekiah akatazama viatu vyake. Hangetaja mzee wake wa ploti mbele ya wageni, hata akose kazi mara mia.

Nikafika nikihema. Njiani nilikuwa nimetunga hadithi nzuri sana ya mwewe aliyeshuka akaondoka na betri akidhani ni panya. Ilikuwa na mwanzo na kati. Nikafungua mdomo, nikaona mkunjo wa pasi kwenye suruali ya Zedekiah, ulionyooka kama rula, na mwewe akanitoka.

“Madam, ni mimi. Nimeibana na koleo, nikaianika kwenye mabati, ikalipuka.”

“Uliibana na koleo?”

“Kwa meno kwanza.”

Walinzi wakaangua kicheko, na Madam Jacklyne akajiziba na karatasi. “Baba yangu alikuwa hivyo hivyo,” alisema. “Meza nzima betri zina alama za meno.” Kisha akamgeukia Zedekiah. “Na wewe ulifanya nini ilipolipuka?”

Akaeleza: watu nyuma, majani mbali, sepetu, mchanga, kungoja.

“Na hapa tunachajia wapi tochi za geti?”

“Chini ya kitanda cha kibanda, madam, usiku kucha. Nimesema mara mbili si vizuri.”

“Ungeweka wapi?”

“Kwenye simiti, mbali na blanketi, mtu akiwa macho. Zikijaa, zinatolewa.”

Madam Jacklyne akaandika. Zedekiah akaitia betri mpya, akawasha, na mwanga ule, naapa, ulipenya kuta za maegesho, na huko Muthangari majogoo wakawika. Akakagua magari yote mpaka chini ya viti.

Saa kumi na mbili walikuwa wamemtangaza. Alimpigia Philister kwanza. Kisha akaenda getini kuanza zamu yake ya mwisho ya usiku, akafungua kitabu cha wageni, akaandika jina langu na neno mbele yake. Nikalisoma juu chini: *Aruhusiwe kuingia wakati wowote. Asishike tochi.*

“Zede, na nikija na koleo?”

“Linabaki hapa, Guka. Nitakuandikia risiti.”