Mrushaji wa Kuazima

Nizigiyimana alikuwa na miaka ishirini na tatu, mke mmoja, mtoto mmoja na kipande cha migomba alichopewa na baba yake, na bado pale uwanjani Mbuba alikuwa anaitwa dogo. Dogo lete maji. Dogo kafuate mpira kwenye maharage ya watu. Dogo nishikie funguo za pikipiki. Aliyekaa naye dawati moja shuleni alishakuwa mwenyekiti wa kitongoji, anagonga mihuri, anaamkiwa shikamoo na watu wenye mvi. Yeye, dogo.

Wa kulaumiwa ni besiboli. Zamani kidogo alikuja mwalimu wa kujitolea kutoka Japani kufundisha fizikia, akaona fizikia haiingii vichwani, akajaribu mchezo wa kwao. Mchezo ukaingia. Alipoondoka aliacha marungu mawili, gunia la mipira na glovu tisa za ngozi, zile za kudakia. Vijana tisa waliokuwepo siku ile kila mmoja akaenda na yake nyumbani, na kuanzia hapo sheria ya Mbuba ikawa moja: mwenye glovu ndiye mchezaji. Sasa vijana wale wana vitambi, wana wakwe, mmoja ana sukari, lakini hakuna aliyestaafu. Akiumia goti, anacheza na goti bovu hilohilo.

Kapteni wao alikuwa Desderius. Yeye ndiye mrushaji, yeye ndiye kocha, yeye ndiye anayepanga kikosi, na kikosi chake kilikuwa rahisi kupanga maana hakijawahi kubadilika.

Zigi, ndivyo wenzake walivyolifupisha jina lake, alijifunza kudaka mikono mitupu pamoja na vijana wengine watatu. Mpira wenyewe mgumu kama parachichi bichi. Mwanzoni viganja vilivimba hata jembe halishikiki, baadaye vikazoea. Kila asubuhi kabla ya shamba alikuwa anarusha kwenye ukuta wa choo cha zamani cha shule, mpaka tofali moja likatoboka. Wazee hawakuwahi kwenda kuangalia. Waangalie nini? Dogo anacheza na choo.

Kila mwaka aliambiwa msimu ujao. Mwaka huu, walau, Desderius alitamka mbele za watu, kilabuni, kikombe cha pombe ya rubisi mkononi.

"Mechi ya Nyarubungo arushe dogo! Nikiona anafaa, mashindano ya Mwanza naenda naye."

Watu wakapiga makofi. Zigi akaenda nyumbani anatembea kama kavishwa viatu vipya. Mke wake, Consolatha, akachukua fulana nyeupe, akakata namba saba kwenye kitenge chake na kuishonea mgongoni. Namba ilikuwa na maua, lakini namba ni namba.

Jumapili baada ya misa, uwanja ukajaa. Zigi akamkuta Desderius anazungusha bega kulipasha moto, glovu kwapani.

"Shikamoo kapteni."

"Marahaba dogo. Maji yamefika?"

"Yapo. Sasa mimi naanza kurusha, au unanianzishia?"

Desderius akamtazama kama mtu aliyeombwa shati alilovaa. "Leo? Leo hapana bwana. Leo mechi nzito. Nyarubungo si watu wa kujaribia watoto."

"Ulisema mechi ya Nyarubungo."

"Nilikuwa nimekunywa."

"Mwaka juzi ulisema ukiwa mkavu, na hukunipa."

Thobias, mpigaji wao mkubwa, alicheka mpaka kitambi kikachungulia chini ya jezi. "Yewe sha! Huyu ana mdomo. Kapteni, mpe mdomo arushe, mkono aache."

"Mdogo wangu," Desderius akashusha sauti, ile sauti ya upole ambayo Zigi aliichukia kuliko matusi, "sisi tuna uzoefu. Usijisikie vibaya."

"Na mimi uzoefu nitaupata wapi?"

"Kwa kuangalia. Kaa pale, angalia." Halafu akaiona fulana. "Na hayo maua mgongoni ni ya nini?"

Wakacheka wote tisa. Zigi alikuwa ameshika ndoo ya maji. Kwa muda kidogo aliona kabisa jinsi ndoo ile itakavyokaa kichwani kwa Desderius, mkono wa ndoo chini ya kidevu kama kamba ya kofia. Akaiweka chini taratibu, maana akiiweka kwa nguvu hajui ataishia wapi. Wangemcheka yeye mwenyewe, hewala. Lakini kitenge cha Consolatha!

Ndipo mchomoko wa Nyarubungo ukaingia, gari dogo limeinama nyuma kwa uzito, na wakashuka watu watano. Watano tu. Kapteni wao, Luhende, jamaa mrefu mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, akaja anajifuta.

"Samahani jamani. Gari la pili limekufa klachi pale Lusahunga. Watu wanne wamebaki huko, na mrushaji wetu yumo."

Hakuna aliyetaka kuahirisha, watu wameshajaa na Francisca, mke wa Desderius, ameshapika maandazi ya mji mzima. Na dawa yake ilijulikana, ndivyo inavyofanyika kwenye mpira wa miguu tangu enzi: mgeni akipungukiwa, mwenyeji anamwazima wachezaji. Desderius hata hakufikiri. Akageuka akawaona vijana wanne kwenye majani.

"Chukua hao. Wote wanne. Mrushaji wako huyu hapa, mwenye maua." Akamgonga Zigi begani. "Dogo, si ulitaka kurusha? Nenda karushe. Sisi tunahitaji mazoezi mepesi."

Uwanja ukacheka. Francisca ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, na beseni lake kichwani.

Zigi akatembea mpaka katikati. Masikio yalikuwa yanamwaka. Luhende, ambaye ndiye angemdakia, akamfuata na mpira.

"Unaitwa nani?"

"Nizigiyimana."

"Glovu yako iko wapi?"

"Sina."

"Hujawahi kuwa nayo?"

"Kaka, nipe mpira."

Luhende akampa.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga kwa rungu, akiupata anakimbia kuzunguka beisi nne mpaka arudi alipoanzia, hiyo ni pointi. Akipiga hewa, au akiacha mpira mzuri, wa kati ya magoti na kifua, upite, ikifika mara tatu ni auti, anaenda kukaa. Wakishakaa watatu, timu zinabadilishana. Mengine ni mbwembwe.

Thobias alianza na mbwembwe. Alitema mate kwenye viganja, akazungusha rungu kichwani, akawapungia kinamama. Zigi akarusha. Thobias alikuwa bado anapunga. Mpira ukalia paa kwenye glovu ya Luhende, na Luhende akautoa mkono ndani ya ngozi akaupuliza.

"Mzuri!" akaita refa, Idefonsi, binamu yake Desderius.

"Subiri bwana, sijawa tayari!"

"Angalia upate uzoefu," Zigi akamwambia.

Mpira wa pili Thobias alipiga hewa mpaka akajizungusha mwenyewe. Wa tatu vilevile. Aliyefuata hakuona kitu. Mpigaji wa tatu aliugusa kidogo, ukadunda kwa Ndikuriyo, mmoja wa wale vijana wa kuazimwa, naye akaudaka kwa mkono mtupu bila hata kukunja uso, akautupa beisi ya kwanza kabla mpigaji hajafika. Auti. Watu ambao walikuwa wanacheka wakaanza kuulizana yule mtoto wa nani.

Hapo mtu angedhani hasira zitapoa. Zilipanda. Kila auti ilimwonyesha Zigi kitu kimoja: kwamba angeweza kufanya haya mwaka jana. Na mwaka juzi. Na ule mwaka Mbuba walikwenda Mwanza wakafungwa vibaya, wakarudi wanasimulia kwamba kule jua ni kali. Miaka yote ile alikuwa anabeba ndoo, na wanaobebewa ni hawa? Hawa ndio walikuwa mechi nzito?

Upande wa pili Desderius alikuwa anarusha kama kawaida yake, na kawaida yake Zigi na wenzake walikuwa wameiangalia kwenye majani kwa misimu. Walijua akikunja midomo anarusha polepole. Walijua akichoka mipira inashuka magotini. Ndikuriyo alisubiri midomo ikunjwe, akaupiga mpira ukaenda kutulia kwenye maharage ya watu, na safari hii hakuna dogo wa kuufuata. Thobias ilibidi akimbie mwenyewe, anahema, huku mwenye shamba anamfokea asikanyage matuta.

Ilipofika zamu ya mwisho ya Mbuba, Nyarubungo walikuwa mbele kwa pointi tano kwa moja, na ile moja ilitokana na Luhende kuangusha mpira. Mpigaji wa kwanza akapiga hewa tatu, akaenda kukaa bila kubisha. Wa pili alikuwa Desderius. Akaja na rungu begani, lakini hakusimama pa kupigia. Alipitiliza mpaka katikati, akamshika Zigi mkono kama wanaoagana msibani.

"Umenifurahisha," akasema. "Kweli kabisa. Sasa basi, tunakurudisha."

"Kunirudisha wapi?"

"Kwenye timu yako. Wewe ni wa Mbuba, tulikuazima tu. Hii zamu tunaianza upya, wao watafute mrushaji mwingine, unakuja kwetu, mimi napumzika, wakija kupiga wewe unarusha. Ahadi yangu nimetimiza au sijatimiza?" Akasogea karibu zaidi. Alinuka jasho na ngozi ya glovu. "Na Mwanza unakwenda. Mbele ya watu hawa wote nasema, unakwenda, tena unaanza."

Luhende alikuwa amefika na amesikia. "Mchezo unaendelea, ndugu. Mtu haazimwi nusu."

"Huyu ni wetu!"

"Ni wenu, sijakataa. Muulize mwenyewe." Luhende akamgeukia Zigi. "Ukitaka kwenda nenda, kaka. Sitakasirika. Yaani nitakasirika, lakini nitapona."

Zigi alikuwa ameushika mpira, anausugua mshono kwa kidole gumba. Neno alilolisubiri tangu akiwa kidato cha kwanza lilikuwa limesemwa, mchana, mtu akiwa mkavu, na watu wamesikia. Angesema ndiyo, Jumapili ijayo Consolatha angeshona namba nyingine. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kusema ndiyo.

"Na hawa?" akauliza, akawaonyesha Ndikuriyo na wale wawili.

"Hao wabaki tu hukohuko," Desderius akasema haraka. "Nafasi ni moja. Usiniharibie kikosi."

"Kikosi gani?"

"Dogo..."

"Kikosi gani, kapteni? Hiki ninachokikalisha chini tangu saa nane?" Sasa sauti ilitoka yote, mpaka wanaokula maandazi wakaacha kutafuna. "Nimekubebea maji miaka! Mpira nakufuatia mimi, matusi ya wenye mashamba nala mimi! Hujawahi kuja hata siku moja kuniona narusha, hata siku moja! Leo nimekupiga ndiyo umeniona? Ningekuwa mbovu leo ungenirudisha?"

"Usinipigie kelele, mimi ni mkubwa wako."

"Ndiyo, mkubwa wangu. Nakuheshimu. Shikamoo. Nenda kasimame pale na rungu lako."

Desderius akageuka, akaenda kusimama.

Na hakuwa mchezaji wa mchezo mchezo, tusimsingizie. Mpira wa kwanza aliupata, tena kwa nguvu, ukapita nje ya mstari kwa kiasi cha unyayo, na Mbuba yote ikainuka kwa kelele, ingawa wa nje ya mstari unahesabiwa kama hewa. Wa pili Desderius akapiga hewa. Akapangusa mikono kwenye suruali, kwanza mmoja, halafu mwingine.

Wa tatu Zigi aliurusha kama anavyourusha kwenye ukuta wa choo, kwenye tundu la lile tofali. Desderius akauangalia. Hakutikisa rungu. Aliuangalia mpaka ukaingia kwenye glovu, halafu akageuka kwa refa anatabasamu.

"Ulikuwa juu huo. Sivyo, binamu?"

Idefonsi alifungua mdomo. Shamba lake na la Desderius yanapakana, na watoto wa Desderius wanakula kwake kila jioni. Akamwangalia binamu yake, akamwangalia Luhende, ambaye hakuwa ameusogeza mkono. Glovu ilikuwa palepale mpira ulipoingia, usawa wa mkanda wa suruali.

"Idefonsi," Desderius akasema polepole, "sema ulikuwa juu."

"We mwanaume!" ni Francisca, mke wake, kutoka nyuma ya beseni. "Hata mimi nimeuona, na mimi nahesabu chenji!"

"Auti," akasema Idefonsi, sauti ndogo. Kisha akairudia kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo. "Auti!"

Desderius hakuondoka. Alisimama palepale, rungu limeinuliwa, kidole chake kikimwelekea Zigi. "Mbuba huchezi tena. Umenisikia? Wewe na hao wenzako. Mwanza mtaisikia redioni!"

Zigi alimjibu akiwa bado anahema. Hasira haikuwa imeisha, na hakuona sababu ya kuifanya iishe.

"Sawa. Utanifukuza nikimaliza kurusha, bado auti moja. Sasa hivi toka hapo mzee, unamzibia mwenzako."

Na kweli nyuma ya Desderius mpigaji mwingine alikuwa ameshafika, kichwa chini, anangoja apishwe. Luhende akarudisha mpira. Zigi akaudaka kwa mkono mtupu, akasogea nyuma hatua moja, akasubiri.